Tundu la Chekeche

Wifi yangu alikuwa na wiki tatu hajanitamkia neno lisilo na mwiba ndani yake. Chumvi ikiwa karibu na mkono wangu, humgeukia mtoto wangu wa miaka miwili na kusema, "Mwambie huyo Mama Mifupa anisogezee." Na mtoto, ambaye maneno bado yanamvunjikia mdomoni, ananiambia kwa furaha kabisa, "Mama Mipupa, togeda," kisha anasubiri asifiwe. Ningefanya nini? Nilimsifu, nikaisogeza chumvi.

Tunaishi nyumba moja, tunakula chungu kimoja. Mume wangu ni mdogo wake wa mwisho, fundi wa injini za boti, mtu wa kuinamia spana yake kila sauti zinapopanda. Wifi ndiye mkubwa wa nyumba tangu baba yao afariki. Ni fundi wa nyavu. Ana banda lake karibu na gati, watu sita wakisuka na kuziba chini ya jicho lake, na nyavu nyingi zinazoingia horini zimepita mikononi mwake. Hori ni ule mkono wa bahari unaoingia ndani kwenye mikoko. Maji yake yametulia, na humo ndimo vifaranga vya samaki hujificha mpaka vikue. Humohumo ndimo nyavu za Wifi, zile zenye tundu dogo, zinapopata kazi kila siku.

Mimi kazi yangu ni kuosha mifupa. Nyuma ya maghala ya zamani kuna kilima ambacho sote tulidhani ni kilima, kumbe ni jalala. Watu waliishi pale zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakala samaki, wakatupa mifupa, wakala tena. Daktari, ambaye si wa hospitali bali wa mambo ya kale, alikuja kuchimba, akaniajiri nioshe, nipange na nipime. Ukilipima taya la chewa, samaki yule wa mdomo mpana, unaweza kukadiria urefu wa chewa mwenyewe. Siku ya kwanza nilipopima taya kutoka tabaka la chini, nilirudia mara tatu nikidhani macho yananichezea. Chewa yule alikuwa na urefu wa mlango. Daktari asisikie, lakini mchana ule mtoto wangu alilivaa lile taya kichwani kama taji, akazunguka nalo stoo nzima.

Mtoto wangu anajua samaki kuwa ni kitu kinachotafunwa chote, kichwa mpaka mkia. Hajawahi kuona samaki mwenye mfupa wa kutoa mdomoni. Ndiyo maana nililitaka lile azimio lipite. Chama cha wavuvi kilikuwa kinapiga kura: hori lifungwe miaka miwili, asiingie mtu na wavu, na nyavu za tundu dogo zipigwe marufuku bahari nzima. Daktari alialikwa aeleze mifupa inasema nini kabla ya kura.

Asubuhi ya mkutano Wifi alinipita mlangoni, bunda la nyuzi begani.

"Nenda kawaambie watoto wangu wanne walale njaa," alisema. "Wapelekee na yale mataya yenu, wayatafune."

Ukumbi wa chama ni chumba kirefu chenye viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kwa kujilazimisha. Ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Daktari alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Alionyesha picha za matabaka, akataja hesabu, kisha akaniita nisimame mbele na taya la kale mkono mmoja, na mkono mwingine taya la chewa wa sokoni. Hili la sokoni halikuonekana hata kutoka mstari wa tatu.

"Tumepima mifupa elfu nne," Daktari alisema. "Hatukupata kifaranga hata kimoja. Hatukupata samaki mdogo hata mmoja. Watu wa kale walijua kusubiri samaki akue."

Watu wengi walitikisa vichwa kukubali. Nikaanza kuhesabu vichwa vile kimoyomoyo, nikaona tunapita.

Wifi akasimama.

"Swali dogo tu, Daktari. Huo udongo mliuchekecha?"

"Wote."

"Chekeche lenu lina tundu gani?"

"La kawaida kwa kazi hii."

"Mimi ni fundi wa nyavu, mama. Kwangu hakuna tundu la kawaida. Kuna tundu la kushika nini na kuachia nini." Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu alinitazama machoni. "Wewe ndiye unayechekecha. Tuonyeshe. Kidole gani kinapita?"

Nilijua. Mwanzo tulikuwa na chekeche laini, lakini udongo wa pale ulikuwa unaganda na kuziba, kazi ya saa moja inachukua siku. Mvua zilikuwa zinakaribia. Daktari akasema tuchukue lile pana, mifupa ya maana haitapita. Na mimi nilikuwa naona vijichembe vyeupe vikidondoka chini pamoja na udongo, nikajiambia ni chokaa. Nilijiambia hivyo miezi yote, kwa sababu chokaa haihitaji kuokotwa.

Nikainua kidole cha shahada.

"Mpaka wapi?" Wifi akauliza.

"Chote kinapita."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mwanamume mmoja dirishani alicheka mpaka akashikwa asianguke nje.

"Jamani, nisaidieni," Wifi alisema akiipandisha sauti yake juu ya kelele. "Nikitupa wavu ambao kidole kinapita, nikarudi sokoni na wakubwa watupu, nikawaambia wateja kwamba baharini hakuna dagaa, mtaniitaje?"

"Mwongo!" walijibu kwa pamoja.

"Mimi sijasema," alisema Wifi, akakaa.

Mwenyekiti wa chama ni mzee anayechukia kelele kuliko dhoruba. Alipiga meza kwa kiatu, akatangaza kwamba kura imeahirishwa wiki mbili, na hao watu wa mifupa warudi na jibu lenye adabu au wasirudi kabisa.

Daktari hakunisemesha mpaka tulipofika stoo. Aliufunga mlango kwanza.

"Ulilazimika kuonyesha kidole?"

"Aliuliza, Daktari."

"Aliniuliza mimi! Mtu akikuuliza jambo la kitaalamu unamwachia mtaalamu. Miaka miwili ya kazi, umeitupa kwa kidole kimoja."

Nilitaka kulia, na nilijikaza kisabuni. Macho yangu yalikuwa kwenye magunia sita yaliyopangwa chini ya rafu. Kutoka kila tabaka, kabla ya kuchekecha, tulikuwa tumeweka gunia moja la udongo usioguswa, kama kazi inavyotaka, kisha tukayasahau. Yana vibao vya namba, kuanzia moja la chini kabisa hadi sita la juu.

"Tuyafungue yale," nilisema. "Kwa tundu dogo."

"Na tukikuta mifupa midogo?"

"Tutakuwa tumeikuta."

Alinitazama juu mpaka chini. "Fanya. Lakini usinitegemee nikushike mkono. Na utakachokikuta utakisoma wewe mbele ya wale watu. Mimi nitakaa nyuma."

Chekeche laini lilikuwa limeshachanika. Katika mji huu kitu kilichosukwa kwa tundu dogo na imara kuliko vyote kinapatikana kwenye banda moja tu. Nilikwenda mchana, mtoto mgongoni. Wale wasukaji sita waliacha kusuka.

"Umekuja kuchukua na wavu wangu uuweke kwenye kabati la vioo?" Wifi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kuuazima, wifi. Nataka kuchekecha upya."

"Ili upate nini?"

"Sijui. Ndiyo sababu ya kuchekecha."

Alikata uzi kwa meno. "Nitakupa wavu. Lakini mikono yangu itakuwepo. Sikuamini hata ukinihesabia vidole vyangu mwenyewe."

Kesho yake alikuja stoo na fremu ya mbao aliyoipigilia mwenyewe, wavu umekazwa juu yake kama ngozi ya ngoma. "Hapa hata punje ya ufuta haipiti," alisema. Akakunja mikono ya gauni, akakaa kwenye kiti changu. Mimi nikakaa kwenye ndoo.

Tulianza na gunia la kwanza, la chini kabisa. Mimi namimina udongo, yeye anatikisa ndani ya karai la maji. Maji yalipokimbia, wavuni vilibaki vijichembe vyeupe, vingi kama wali uliomwagika. Havikuwa chokaa. Vilikuwa pingili za migongo ya samaki wadogo, mamia.

Wifi aliangua kicheko cha kunivunja mbavu mimi, si yeye.

"Haya! Watu wa kale walijua kusubiri! Walisubiri nini, maji yachemke?"

Nilichukua daftari, nikaandika: gunia la kwanza, mifupa midogo, mingi sana.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nikasoma. Alinuna, kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi akakuta mlango uko wazi.

Lakini mfupa wa mgongo peke yake haukwambii kama samaki ni mdogo kwa umri au ni mdogo kwa umbo. Nikaanza kutafuta vijiwe vya masikio. Kila samaki ana vijiwe ndani ya kichwa, na kila aina ina umbo lake. Na kwenye kijiwe kuna mistari, mwaka kwa mwaka. Nikaviweka vitatu juu ya karatasi nyeusi chini ya lenzi, nikamwita.

"Huyu ni dagaa. Mtu mzima kabisa, hakui zaidi ya hapa."

"Unanitungia."

"Basi lete wa kwako tulinganishe."

Alileta. Asubuhi iliyofuata aliitua ndoo mezani kwa kishindo, maji yakaruka mpaka kwenye daftari. "Hawa ni wa leo. Wavu wangu, hori letu." Alipasua vichwa kwa kisu cha kukatia nyuzi, haraka kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona akifanya kazi ile, na ni mara yake ya kwanza. Dagaa mle walikuwa wachache. Wengi walikuwa chewa wa urefu wa kiganja, na vijiwe vyao vilikuwa na ukingo wenye menomeno. Nilivitazama; hata mstari mmoja ulikuwa haujakamilika.

"Hawajafikisha mwaka," nilisema.

"Nani kakuuliza?"

Tukaendelea siku nane. Sitadanganya kwamba tulizoeana. Nikikosea kumimina, ananiambia bora ningebaki kubembeleza mtoto. Mtoto akilia, anamchukua yeye, anamwimbia, akinyamaza ananirudishia na kusema, "Mwone, hata mwanao anajua mikono ya kumbembeleza iko wapi." Lakini vidole vyake vilikuwa vinaona. Kitu ambacho mimi nakitafuta kwa lenzi, yeye anakigusa kwenye maji na kukitoa.

Gunia la pili, dagaa. La tatu, dagaa na visamaki vingine vya miambani, wazima. La nne, hivyohivyo. Wote wadogo, na wote wamekomaa. Kijiwe cha kifaranga cha chewa hatukukiona hata kimoja, na tuliyafagia mpaka mavumbi ya magunia. Katika daftari la zamani, matabaka hayo manne ndiyo yenye yale mataya ya kutisha.

Kwenye gunia la tano Wifi aliacha kutikisa. Alitoa kitu majini, akakifuta kwenye khanga, akakiweka mwenyewe kwenye karatasi nyeusi, kando ya kimojawapo cha vile alivyopasua kutoka ndoo yake. Hakuniita. Nilisogea nikatazama. Menomeno yaleyale. Mstari uleule ambao haujakamilika.

Tulipata vijiwe kumi na viwili vya aina hiyo kwenye gunia lile. Kwenye la sita, la juu kabisa, tulipata mia moja arobaini. Nikafungua daftari la zamani: tabaka la sita halikuwa na taya kubwa hata moja. Lilikuwa na makombe na chaza, marundo kwa marundo, kama watu waliokwisha kukosa samaki wakubwa wakageukia kuokota. Na juu ya tabaka hilo ni mchanga mtupu.

"Walienda wapi?" Wifi aliuliza.

"Sijui."

"Wewe na Daktari wako mnajua kila kitu, leo hujui?"

"Mifupa haisemi walikwenda wapi. Inasema tu kwamba hawakutupa tena kitu hapa."

Alivipanga vile vijiwe kwa ncha ya kisu, vya kale upande mmoja, vya ndoo yake upande mwingine, kisha akavichanganya vyote kwa hasira. "Sasa vitenganishe," aliniambia. Sikuweza. Kwa macho tu, hakuna ambaye angeweza.

"Umefurahi," alisema.

"Sijafurahi, wifi."

"Umefurahi. Nakuona mashavu. Watoto wangu wanne wanakula kutoka kwenye tundu lile, wewe umekaa kwenye ndoo unafurahi."

"Na wangu anakula humohumo. Kila siku mezani tunakaa wote."

"Basi usinihurumie," alisema, akaondoka, wavu akauacha.

Nilimpelekea Daktari hesabu. Alisoma amesimama, akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena.

"Kwa hiyo nilisimama mbele ya mji mzima nikawasifia watu waliomaliza vifaranga vyao wenyewe."

"Hao ni wa mwisho tu, Daktari. Wa chini walikula dagaa mamia ya miaka, na chewa wakabaki wakubwa."

"Hilo nimeliona. Nimesoma shule kidogo." Akanirushia daftari juu ya meza. "Utasoma wewe. Nilishasema."

Siku ya mkutano wa pili Daktari alisimama kwa sekunde zisizozidi kumi. "Chekeche letu lilikuwa pana. Nilichosema mara ya kwanza hakikuwa sahihi." Akaenda kukaa nyuma, mikono kifuani. Nikabaki mimi na daftari.

Nilisoma gunia kwa gunia. Nilisema wazi kwamba watu wa kale walivua samaki wadogo. Nilisema dagaa wa bahari ya wazi walivuliwa katika matabaka yote manne ya chini, na chewa wakabaki wakubwa, kwa hiyo wavu wa tundu dogo si mbaya ukiwa nje kule; ubaya ni kuupeleka horini, walipo watoto wa samaki wakubwa. Nikasoma tabaka la tano. Nikasoma la sita. Nilipofika kwenye mchanga mtupu, sauti ilitoka dirishani.

"Umepika hizo hesabu! Mara hakuna wadogo, mara wapo, kesho utatuambia walikuwa wanavua nyangumi kwa kijiko!"

"Mke wa fundi injini kawa profesa!" mwingine akadakia. "Nyumbani hata wifi yake hamwamini!"

Kicheko kikaanza kupanda tena. Nilifumba daftari. Nilijua nikisema neno moja nitalia, na wakiniona nalia limekwisha, hori limekwenda.

"Nani kasema zimepikwa?" Ilikuwa sauti ya Wifi. "Simama nikuone. Usijifiche kwenye dirisha kama popo."

Hakusimama mtu.

"Tundu lilikuwa langu. Nimelisuka mimi, nimelipima mimi, nimelitikisa kwa mikono hii siku nane. Huyu," akaninyooshea kidole kama anayeonyesha uchafu, "simpendi, na hilo si siri. Lakini alichosoma ndicho kilichobaki wavuni. Vile vijiwe vya juu kabisa na vya ndoo yangu ni kitu kimoja. Naichukia hii habari kuliko nyinyi wote mlioketi humu. Ila mtu asije akasema wavu wangu umedanganya."

Akakaa.

Mwenyekiti alilibadilisha azimio palepale: lifungwe hori peke yake, kutoka mwamba wa mdomoni kuingia ndani, miaka miwili, nyavu za dagaa ziruhusiwe nje. Mikono ikainuliwa. Alihesabu mara mbili kwa sababu ya kelele. Wanaotaka, thelathini na mmoja. Wasiotaka, ishirini na wanane. Kati ya wale ishirini na wanane mkono uliokuwa juu kuliko yote ulikuwa wa Wifi. Aliuacha hewani hata baada ya kuhesabiwa, mpaka ahakikishe nimeuona.

Kesho yake mchana tulikwenda kufunga. Ilikuwa kazi ya kamba tu: kamba moja nene yenye maboya, kutoka mwambani mpaka kwenye mikoko ya upande wa pili. Tulikuwa watu tisa. Waliopiga kura ya ndiyo walikuwa thelathini na mmoja, lakini kuinua mkono ni kazi nyepesi. Ufukweni watu walikaa kututazama, na maneno yao nisingependa kuyaandika. Mtoto wa mtu mmoja alitutupia tope, na baba yake hakumkemea.

Tulikuwa tumeshafunga fundo la kwanza Wifi alipokuja akiteremka na kisu mkononi, watu wakimpisha, wengine wakishangilia. Mume wangu alisogea akasimama mbele yangu. Wifi alimsukuma mdogo wake pembeni kwa kiwiko, akakamata kamba, akaikata mara moja.

Ufuko mzima ulipiga kelele za furaha.

"Hii mmefunga nini?" alisema, akiinusa ile kamba. "Kamba ya kuanikia nguo? Itaoza kabla ya miezi mitatu. Na fundo la namna hii hata mbuzi analifungua." Akamgeukia mmoja wa wasukaji wake aliyekuwa nyuma na bunda begani. "Lete ile nyeusi."

Kelele ufukweni zikafa. Aliingia majini mpaka kiunoni, akaizungusha kamba nyeusi mwambani mara nne, akaikaza kwa mguu mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Miaka miwili," aliniambia bila kugeuka. "Siku ya kwanza baada ya hapo nitakuwa wa kwanza kuvuka hapa na wavu. Na wewe utakuwa umesimama palepale ulipo. Nikitoa vifaranga vilevile, nitakutupia usoni, mji wote ukiona."

"Nitakuja, wifi."

"Utakuja, utaenda wapi? Shika hapa. Si hapo, hapa. Kaza! Mkono gani huo, mkono wa kuoshea mifupa?"

Nikakaza.